Maktaba ya Chuo Kikuu na Msomaji wa Laela

Laela ni mji mdogo ulio katika uwanda wa juu wa Ufipa, mkoani Rukwa, kando ya barabara kuu itokayo Tunduma. Barabara hiyo ilipojengwa kwa lami katika miaka ya 2010, kazi iligawanywa katika vipande vitatu: Tunduma hadi Ikana kilomita 63.7, Ikana hadi Laela kilomita 64.2, na Laela hadi Sumbawanga kilomita 95.31. Kwa msafiri wa kawaida hesabu hiyo ni ya nauli na saa. Kwa mwanafunzi wa elimu ya juu aishiye Laela, ni hesabu ya umbali uliopo baina yake na kitabu.

Wanafunzi wa namna hiyo si wachache. Yuko mwalimu anayejiendeleza katika Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, ambacho kilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1992 na kina kituo chake mkoani Rukwa. Yuko kijana wa chuo cha mbali aliyerudi nyumbani kukusanya habari za tasnifu yake. Watu hawa hawana nafasi ya kwenda maktaba kila jioni kama afanyavyo mwenzao anayelala bwenini Mlimani, Dar es Salaam. Wao huja kwa siku mbili au tatu, wakiwa na nauli ya kurudia mfukoni na orodha ya maswali mkononi. Kwa hiyo maswali mengi yaulizwayo kuhusu maktaba ya chuo kikuu, kama vile ukubwa wa jengo lake na wingi wa vitabu vyake, yana maana ndogo kwao. Lililo kubwa ni hili: msomaji akiingia saa 2 asubuhi na kutoka jioni, muda wake umekwendaje? Karibu kila kazi ifanywayo ndani ya maktaba, hata zile ambazo msomaji hazioni kamwe, imebuniwa ili kuokoa muda huo.

Na ichukuliwe kwamba mwanafunzi mmoja wa historia kutoka Laela anataka kuandika juu ya malungu. Ilungu ni tanuri refu la udongo ambalo Wafipa walilitumia zamani kuyeyushia mawe ya chuma. Kimo chake kilifika mita tatu hivi, na halikuhitaji mivukuto. Hewa ilivutwa yenyewe kupitia matundu yaliyokuwa chini, kwa sababu hewa ya moto iliyokuwa ikipanda ndani ya tanuri ilivuta hewa baridi kutoka nje. Ni somo zuri, na lina maandishi ya kutosha. Lakini yako wapi?

Kabla ya kitabu kufika rafuni

Kitabu kipya kikifika maktaba hakiendi moja kwa moja kwa msomaji. Kwanza hulinganishwa na hati ya kuagizia, ili ijulikane kama ndicho kilicholipiwa. Kisha huandikwa katika daftari la mapokezi, ama siku hizi katika kompyuta, na kupewa namba yake peke yake ambayo haitapewa kitabu kingine chochote hata kama kitabu hicho kikipotea. Hupigwa mhuri katika kurasa kadhaa, na mmojawapo huwekwa katika ukurasa wa ndani ambao mwizi hataukumbuka kwa urahisi. Vitabu vingine huja bila kununuliwa. Maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa mfano, imekuwa ikipokea nakala za vitabu vinavyochapishwa nchini tangu sheria ya mwaka 1962 iliyowataka wachapishaji kuziwasilisha, na kwa njia hiyo imejenga mkusanyo wa maandishi ya Afrika Mashariki ambao mtafiti wa eneo hili hawezi kuupita.

Baada ya hapo huja kazi mbili zinazohitaji fikra kuliko nguvu, nazo ni uainishaji na uorodheshaji. Kuainisha ni kuamua kitabu kinahusu nini na kukipa namba ya rafu. Njia mbili ndizo zinazotumika zaidi duniani. Ya kwanza ni ya Mmarekani Melvil Dewey, iliyochapishwa mwaka 1876, ambayo hugawa maarifa yote katika mafungu kumi ya tarakimu. Ya pili ni ya Maktaba ya Bunge la Marekani, nayo hutumia herufi pamoja na tarakimu.

Tatizo la uainishaji huonekana wazi mara tu malungu yanapotajwa. Kwa njia ya Dewey, kitabu juu ya tanuri hizo chaweza kuwekwa kwenye 669, fungu la elimu ya madini na uyeyushaji wake. Chaweza pia kuwekwa kwenye 967.8, historia ya Tanzania, au kwenye 305.8, habari za makabila na mataifa ya watu. Hakuna hata moja kati ya namba hizo iliyo na makosa. Hata hivyo kitabu ni kitu kimoja, na hakiwezi kukaa katika rafu tatu kwa wakati mmoja. Mkutubi huchagua moja. Msomaji atakayekwenda katika rafu ya historia pekee na kuangaza macho huenda akarudi Laela akiamini kwamba hakuna aliyewahi kuandika juu ya chuma cha Ufipa, kumbe kitabu kiko ghorofa nyingine pamoja na vitabu vya wahandisi.

Ndiyo sababu ikawapo katalogi. Kitabu hukaa mahali pamoja, lakini kumbukumbu zake zaweza kukaa mahali pengi. Katika maktaba za zamani kila kitabu kilikuwa na kadi kadhaa katika saraka za mbao: kadi ya mwandishi, kadi ya jina la kitabu, na kadi moja kwa kila somo ambalo kitabu kililigusa. Kompyuta imeziondoa saraka hizo katika vyuo vingi. Programu moja ijulikanayo sana, Koha, ilitolewa New Zealand mwezi Januari mwaka 2000 kwa matumizi ya bure, na jina lake ni neno la Kimaori lenye maana ya zawadi. Lakini kilichobadilika ni saraka tu. Kompyuta haijui kitabu kinahusu nini mpaka mtu akisome kiasi cha kutosha na kuiambia.

Wafipa, Fipa au Ufipa?

Katika lugha za Kibantu jambo hili lina ugumu wake wa pekee. Shina la jina ni moja, lakini viambishi vyake vingi: Mfipa, Wafipa, Kifipa, Ufipa. Orodha inayofuata alfabeti haijui sarufi. Huweka Wafipa kwenye W, Kifipa kwenye K na Ufipa kwenye U, na habari za watu hao hao hutawanyika kama mtama uliomwagika. Ili kuepuka hilo, maktaba nyingi hukubaliana kutumia shina tupu, Fipa, kuwa kichwa kimoja cha somo, kisha huweka maelekezo: atafutaye Wafipa na atazame Fipa. Msomaji asiyejua desturi hiyo huandika neno lake alilolizoea kwa mama yake, akapata majibu mawili au asipate lolote.

Majina ya vitabu nayo hayasaidii sana. Padre Wyckaert wa shirika la White Fathers aliandika mwaka 1914, kwa Kifaransa, katika jarida la Anthropos, makala juu ya wafua chuma wapagani na wafua chuma Wakristo. Jina la makala hiyo hutaja Tanganika tu, tena kwa k bila y. Bertram Mapunda alipomaliza tasnifu yake ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Florida mwaka 1995 juu ya ufuaji chuma, aliitaja sehemu hiyo ya nchi kuwa kusini-magharibi mwa Tanzania. Neno Ufipa halimo katika jina la maandishi yoyote kati ya hayo mawili. Mwanafunzi mwenye bidii kubwa, akitafuta kwa majina tu, angeyapita yote mawili. Anayeokoa hali ni mworodheshaji ambaye, miaka mingi kabla mwanafunzi huyo hajafikiria kuja, aliongeza chini ya jina la kila andiko maneno mawili au matatu ya somo.

Hesabu ya rafu

Baada ya kupata namba, msomaji huenda rafuni. Hapa kuna hesabu ambayo mwanafunzi wa kidato cha tatu aweza kuifanya mwenyewe. Maktaba mpya ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iliyozinduliwa tarehe 27 Novemba 2018, ilijengwa iwe na nafasi ya vitabu 800,000 na wasomaji 2,100 kwa wakati mmoja. Kama vitabu 800,000 vimepangwa kwa namba, msomaji aweza kusimama katikati ya rafu zote, akaangalia namba moja, na kujua kama kitabu chake kiko kulia au kushoto. Nusu moja huachwa. Nusu iliyobaki hugawanywa tena, na tena. Kwa kuwa 2 ikizidishwa yenyewe mara 20 hutoa 1,048,576, hakuna kitabu katika maktaba hiyo ambacho hakiwezi kupatikana kwa kutazama namba 20 hivi.

Sasa kitabu hicho hicho na kiwekwe pasipo pake. Utaratibu hausaidii tena. Hapana budi kutazama kimoja kimoja. Mtu mwenye macho mepesi, akisoma namba moja kila sekunde bila kupumzika, atahitaji saa 222 kumaliza vitabu 800,000, yaani siku 28 za kazi za saa nane. Kitabu kilichopotoka nafasi moja tu ya rafu kimekaribia kuwa sawa na kilichochomwa moto. Kwa sababu hiyo kila asubuhi, kabla milango haijafunguliwa, wafanyakazi hupita wakisoma rafu kwa mfuatano na kurudisha vilivyopotoka, na wasomaji huombwa wasirudishe vitabu rafuni wenyewe bali waviache mezani. Wapo wanaolidhani ombi hilo kuwa ni majivuno ya wakutubi. Wapo pia wanafunzi, katika kila chuo na kila kizazi, ambao huficha kitabu kwa makusudi nyuma ya vitabu vya somo jingine ili wakikute kesho. Mwenye kufanya hivyo hujihesabu kuwa mjanja. Kwa kweli amewanyima wenzake wote kitabu kwa siku 28 ili yeye ajiokolee dakika tano.

Nakala tatu, wanafunzi 120

Hakuna maktaba ya chuo iliyowahi kuwa na nakala za kutosha. Katika miaka ya 1980, uhaba wa fedha za kigeni uliwalazimu wakutubi wa Tanzania kukatisha magazeti mengi ya kitaaluma, na mapengo ya miaka hiyo bado yaonekana katika rafu. Dawa ya kale ya uhaba ni hifadhi maalumu ya vitabu vinavyoazimwa kwa muda mfupi, na ubora wake unaonekana katika hesabu.

Darasa lina wanafunzi 120, insha inatakiwa baada ya siku 14, na maktaba ina nakala tatu za kitabu kinachohitajiwa. Vikiazimwa kwa desturi ya kawaida ya majuma mawili, wanafunzi watatu watasoma na 117 hawatasoma. Lakini nakala hizo zikiwekwa nyuma ya meza ya kuazimia na kutolewa kwa saa mbili mbili, na maktaba ikifunguliwa kila siku tangu saa 2 asubuhi hadi saa 4 usiku, basi kila nakala ina zamu saba kwa siku. Nakala tatu zina zamu 21, na kwa siku 14 zamu 294. Kila mwanafunzi apata zamu mbili, na 54 zinabaki. Hakuna hata shilingi moja iliyoongezwa. Faini kali ya kuchelewesha vitabu hivi, ambayo wanafunzi huilalamikia, inatokana na hesabu hii: dakika za anayechelewa hutolewa katika zamu ya mwingine.

Kwa msomaji wa Laela, hata hivyo, mpango huu mzuri una kasoro. Yeye hawezi kusubiri zamu ya keshokutwa. Hekima ya mkutubi ni kujua lini kanuni ilegezwe, na maktaba iliyo hai humruhusu msomaji wa mbali kuagiza kabla, akawekewa nakala kwa siku atakayofika. Ni jambo dogo, nalo hutenganisha safari yenye faida na safari ya hasara.

Mtu nyuma ya dawati

Mwanafunzi anapofika kwenye dawati la maulizo, aghalabu haulizi anachokitaka. Husema, “Naomba vitabu vya chuma.” Husema hivyo kwa haya, au kwa kudhani kwamba swali kubwa ni la heshima kuliko swali dogo. Mkutubi asiyejua kazi yake humwonyesha fungu la 669, na mwanafunzi hujikuta mbele ya vitabu vya viwanda vya chuma vya Ulaya. Mkutubi ajuaye kazi yake hujibu kwa swali: “Chuma cha wapi?” Kisha: “Cha zamani au cha sasa? Unaandika insha au tasnifu? Lini unarudi?” Kwa maswali manne hivi chuma kimekuwa malungu, malungu yamekuwa Ufipa, na muda wa mwanafunzi umejulikana. Kazi hii haionekani katika ripoti yoyote ya mwaka, maana haina mhuri wala namba, lakini huenda ndiyo inayostahili kuitwa msaada kwa mwanafunzi kuliko zote.

Mhindi S. R. Ranganathan, mwalimu wa hisabati aliyegeuka mkutubi wa Chuo Kikuu cha Madras mwaka 1924, aliiweka taaluma yake katika kanuni tano zilizochapishwa mwaka 1931. Ya nne kati yake yahusu kuokoa muda wa msomaji. Kwamba mtu wa hisabati ndiye aliyeona hivyo si ajabu sana kwa aliyekwisha kuzifanya hesabu zilizotangulia.

Maadui wa karatasi

Andiko la mwaka 1914 halidumu kwa bahati. Karatasi nyingi zilizotengenezwa tangu katikati ya karne ya 19 zilitokana na miti, na dawa zilizotumiwa kuzizuia zisinyonye wino ziliacha asidi ndani yake. Asidi hukata nyuzi za karatasi polepole, nayo karatasi hugeuka ya manjano, kisha hukatika ikikunjwa. Joto huharakisha kazi hiyo. Unyevu wa hewa ukizidi asilimia 65 au 70 kwa muda mrefu, kuvu huota, na katika pwani kama Dar es Salaam hali hiyo ni ya kawaida ikiwa hewa haikuendeshwa. Mchwa ni balaa nyingine, maana hufika kimya wakitokea sakafuni. Ni jambo la kushangaza kidogo kwamba baridi ya Ufipa, ambayo wageni huilalamikia mwezi Juni na Julai, ingekuwa rafiki wa vitabu kuliko joto la pwani. Wajibu wa kila siku ni rahisi kuutaja na mgumu kuudumisha: kufuta vumbi, kupitisha hewa, kuacha nafasi kati ya rafu na ukuta, na kukagua pembe za chini.

Maktaba inayomfuata msomaji

Baadhi ya umbali umepungua. Tangu mwaka 2002 Shirika la Afya Duniani, kupitia mpango wa HINARI, na tangu mwaka 2003 Shirika la Chakula na Kilimo, kupitia AGORA, hutoa majarida ya sayansi kwa vyuo vya nchi zenye kipato kidogo bila malipo au kwa bei nafuu. Maktaba za vyuo vikuu na taasisi za utafiti za Tanzania nazo zimeungana katika umoja uitwao COTUL ili kununua majarida ya kielektroniki kwa pamoja, kwa kuwa chuo kimoja peke yake hakina sauti mbele ya wachapishaji. Mwanafunzi mwenye simu na nywila ya chuo chake aweza kusoma akiwa Laela yale ambayo zamani yalidai safari, ilimradi mtandao upo na fedha ya vifurushi ipo. Lakini nywila husahaulika, kurasa za kiingilio hubadilika, na wanafunzi wengi humaliza mwaka wa kwanza bila kujua kwamba huduma hiyo ni haki yao. Kwa hiyo wakutubi wa siku hizi hutumia saa nyingi katika mafunzo: namna ya kuchagua maneno ya kutafutia, namna ya kupima kama andiko ni la kuaminika, namna ya kutaja alipotoa mtu habari zake. Swali la Fipa na Wafipa halikwisha. Limehamia katika kisanduku cha kutafutia.

Yako pia yasiyokuwemo katika mtandao wowote: faili, ramani, magazeti ya zamani, na vitabu vya mkusanyo maalumu visivyoazimwa nje ya chumba chake. Kwa hayo, mkutubi hupokea ombi kwa barua pepe, hutafuta, hupiga picha kurasa chache kwa kadiri sheria ya hakimiliki inavyoruhusu, na kuzituma.

Mwanafunzi wa malungu akimaliza, nakala ya tasnifu yake hurudi maktaba ile ile. Huandikwa katika daftari, hupigwa mhuri, hupewa namba ya rafu. Mworodheshaji huifungua, husoma dibaji na yaliyomo, na huamua iwekwe katika historia. Kisha huongeza chini yake maneno ya somo: Fipa, chuma, uyeyushaji, Rukwa. Baada ya kufikiri kidogo huongeza na la tano, Laela, kwa kuwa jina hilo halimo katika jina la tasnifu.